Revolva ya Mzee Haroub na Mkono wa Njeri

Nyinyi mnaonitumia meseji kuniuliza mnunue revolva gani ya kwanza, leo nawajibu wote kwa mpigo. Anayetaka jibu la mstari mmoja aondoke sasa hivi kabla sijamkasirikia. Jibu la mstari mmoja ndilo wanalowapa watu wa mtandaoni, na ndilo linalowaletea bastola ambazo hamziwezi.

Najua mtasema, huyu naye mstaafu wa wapi, hana hata mvi. Kweli sina. Dereva wa basi bado ananiuliza kama nataka tiketi ya mwanafunzi. Lakini mashine ya kung'arishia vyuma imekula vidole vyangu. Kukiwa na baridi vinageuka vyeupe kama chaki, halafu havisikii kitu, ungevichoma sindano nisijue. Daktari aliitazama mikono yangu mara moja akasema basi, imetosha. Kwa hiyo mimi ni mstaafu. Mkimaliza kucheka tuendelee.

Kazi yangu ilikuwa karakana ya bunduki hapa hapa Birmingham, kwenye ule mtaa ambao zamani kila mlango ulikuwa wa fundi bunduki, na sasa wamebaki mmoja mmoja katikati ya fleti za wanafunzi. Niliingia pale kufagia. Ufundi sikuusomea popote. Nilikuwa na tabia ya kufungua vitu tu: vitasa, cherehani ya mama mkubwa wangu kule Aston, chochote chenye springi ndani. Siku moja niko na ufagio wangu, nikasema kwa Kiswahili, nikijua hakuna wa kunielewa, kwamba yule mzee pale mezani ameiweka springi kinyume.

Mzee hata hakugeuka. "Wewe wa wapi?" akauliza, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka.

Nikasema Tanga.

"Ndiyo maana una mdomo," akasema.

Springi ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekuwa naitazama kutoka upande wa nyuma. Lakini kesho yake nikakuta kiti cha pili kwenye meza yake, na tangu siku hiyo mtu akimsema vibaya Mzee Haroub mbele yangu, ajue ameanza ugomvi. Kuna mteja mmoja alisema yule mzee yuko slow, angepumzishwa. Nilimrudishia bunduki yake ikiwa vipande kwenye mfuko wa plastiki, nikamwambia aende akaiunge haraka haraka yeye mwenyewe. Bosi alikasirika. Mzee alinituma nikachemshe chai, akaacha kuniita Zuhura, akaniita Bi Baruti, na jina likaganda hapo.

Sasa tuingie kwenye chuma.

Kwa mgeni wa mambo haya: mchezo wenyewe ni wa kulenga shabaha kikauboi. Mnavaa kofia na mabuti, kila mtu ana jina lake la mchezo, mnapiga vibao vya chuma huku mtu amekushikia saa. Bastola za risasi za kisasa nchi hii wamezipiga marufuku, hivyo tunatumia za mtindo wa kale. Unamimina baruti kwenye kila tundu la silinda, unashindilia risasi juu yake, unapaka mafuta mazito ili moto usiruke kutoka tundu moja kwenda jingine, halafu nyuma unabandika fataki, kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti. Na ni za kuvuta nyundo. Yaani kila unapotaka kupiga, lazima kwanza uvute nyundo nyuma kwa kidole gumba. Usipovuta, triga haifanyi kitu. Matundu ni sita, unajaza matano, nyundo inalala juu ya lile tupu. Usiniletee habari za kujaza sita. Ukijaza sita karibu yangu nakufukuza uwanjani mbele ya mama yako.

Kosa la kwanza la watu wetu ni macho. Tunapenda kitu kiwake. Kuna kijana alikuja na revolva yenye fremu ya shaba ya njano, imechorwa maua na farasi, inang'aa kama seti ya chai ya harusi. Akaiweka mezani akasubiri tuisifie. Shaba ni laini. Ukiipigia baruti ya kawaida msimu baada ya msimu, fremu inavutika kidogo kidogo, silinda inaanza kucheza mbele na nyuma, na siku moja unashangaa kwa nini moto unakutokea ubavuni. Nilianza kumpigia kelele. Mzee akanigusa kiwiko, akamwambia yule kijana kwa upole kwamba bastola yake ni nzuri sana na atumie baruti kidogo. Kijana alipoondoka nikamuuliza Mzee kwa nini hakumwambia ukweli.

"Nimemwambia," akasema. "Wewe ulikuwa unamwambia hasira."

Kwa hiyo: fremu ya chuma cha pua au chuma cheusi. Hilo moja. La pili, kuna zile zilizo wazi juu ya silinda, na kuna zile ambazo fremu inapita juu na kufunga. Zilizo wazi zinapendeza, na kwa mikono mingi zinakaa vizuri zaidi, ila fataki ikipasuka kipande chake huanguka ndani ya mashine na kuikaba, na hapo unasimama katikati ya shindano unaitikisa kama chupa ya ketchapu. Zilizofungwa juu ni imara na rahisi kuvua silinda, lakini zinashika masizi mapema kwenye mhimili, ukiwa mvivu wa kusafisha zitagoma. Chagua ugonjwa utakaouvumilia. Na kabla ya kupenda chochote, soma leseni yako. Polisi wanakuandikia nafasi ya silaha na ukubwa wa mtutu wake. Ukiwa na nafasi moja, utachagua moja, basi.

Lakini hayo yote Mzee aliyaona ya pembeni. Yeye alikuwa na utaratibu wake, na ndio huu ninaotaka muuelewe.

Hakumuuzia mtu revolva ya kwanza bila kumfumbisha macho. Anaikagua kwanza kuwa ni tupu, anakuonyesha matundu yote, nawe unamhakikishia umeona. Kisha unaishika, unafumba macho, unanyoosha mkono kuelekea ubao mweusi ukutani, unavuta nyundo kwa gumba na kuishusha taratibu. Mara tano, bila kushusha mkono. Yeye haangalii bastola. Anaangalia kifundo cha mkono. Mtu mwenye macho wazi anajirekebisha bila kujua, anaukaza mkono, anajidanganya. Akifumba, mwili unasema ukweli. Nyundo ikiwa mbali na gumba lako, utaizungusha bastola kiganjani kuifikia, na mtutu utazunguka nayo. Ikiwa nzito kwako, mtutu utainama. Mtutu ukiinama Mzee anakutoa chuma mkononi na kusema, "Hii si yako." Hata kama bosi anakohoa pale mlangoni kwa kuiona biashara inapotea.

Sasa angalieni uzito wa jambo hili. Aliyefumba macho haoni. Anayejua ni yule tu aliyesimama pembeni. Akikudanganya, umedanganyika.

Njeri aliingia maishani mwetu kwa mlango wa Mzee. Mkewe alishatangulia, bintiye yuko mbali, na miguu ilipoanza kumsumbua wakamletea mtu wa kumsaidia asubuhi nyumbani kwake Bordesley Green. Akaja Njeri, msichana wa Kenya kutoka Nyeri, mfupi, mcheshi, anasali kwa sauti akipika uji. Siku ya kwanza alimkuta Mzee amevaa kofia ya kauboi na shuka, anasafisha revolva. Njeri anasema alisimama mlangoni akamwambia Mungu, sasa huyu umenipea ni nani. Haukupita muda, Jumamosi zake za off anampeleka Mzee uwanjani, na Mzee kamsimamia ajiunge na klabu. Akaomba leseni. Polisi akaja kwake, akaangalia kabati la chuma, akamuuliza maswali, mwisho ikatoka. Nafasi moja. Jina lake la mchezo alijipa Mama Vumbi, na uwanja wenyewe ni matope mwaka mzima.

Alikuwa akipiga kwa bastola za kuazima, leo hii, kesho ile. Na alikuwa na kifundo kibovu. Mgonjwa mmoja mzito alimwangukia wakati anamhamisha kitandani, mkono wa kulia, na haukuwahi kurudi sawa. Hasemi. Lakini ukimpa sufuria ya wali utaona anavyoipokea kwa kushoto.

Halafu Mzee akalazwa. Hospitali ile kubwa haiko mbali na kwake, nilikuwa natoka kazini napitia kila siku. Siku niliyoikuta shuka imekunjwa vizuri sana nikajua anataka kusema jambo. Aliniulizia revolva yake. Hiyo si ya dukani. Aliiunga mwenyewe kwa vipande vya bastola zilizokufa, fremu ya hii, silinda ya ile, akaitia mkono wake miaka na miaka mpaka nyundo ikawa inarudi kama mlango wa friji. Ile kubwa, mtutu mrefu, imefungwa juu. Hakuna mtu uwanjani aliyekuwa na kitu kama kile, na wazungu walimwomba awauzie akakataa wote.

"Binti yangu haitaki," akaniambia. "Mfumbishe Njeri macho, umtazame mkono. Ikimkaa, yake. Isipomkaa, usimpe mtu. Ikate."

Nikamwambia asinitie uchuro, atatoka hapa aipige mwenyewe.

"Nisikilize, Bi Baruti. Ile chuma nimeiunga kwa vipande. Tabia zake nazijua mimi, na unazijua wewe. Njeri yuko karibu yako, ikiumwa utaiona. Ikienda kwa mtu mwingine, akaiuza, ikafika huko nisikokujua, ikamuumiza mtoto wa watu, mimi nitajibu nini mbele ya Mungu? Kata mwenyewe. Usimwachie mwingine."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu nilikuwa na uhakika itamkaa Njeri, maana nilishaamua moyoni kwamba itamkaa.

Tulimzika siku ya mvua. Njeri alisimama upande wa wanawake na kitambaa nilichomfunga mimi kichwani, analia bila kujifuta. Polisi walishaarifiwa, revolva ikawa kwenye kabati la karakana kwa jina la bosi, na bosi akanipa muda mfupi. Ama ihamie kwenye leseni ya mtu, ama ikatwe. Mimi kuichukua haikuwezekana. Vidole vilikuwa vimeshaanza kufa, na kidole kisichosikia triga hakina haki ya kuwa juu yake.

Njeri akaja na leseni yake kwenye mkoba, amevaa sare ya kazi, ametoka zamu ya usiku na amebakiza nusu saa kabla ya nyingine. Pale kwenye kioo tulikuwa na nyingine, ndogo, mtutu mfupi, ya chuma, risasi nyembamba zaidi, nyepesi. Nilishaiona tangu wiki iliyotangulia nikaipa mgongo. Sikutaka hata aione.

"Leta ya Mzee," akasema. "Mimi hata sitajaribu ingine."

Nikaitoa. Nikamwonyesha matundu yote sita matupu, akasema ameona. Akaishika. Kwa sekunde moja ilikuwa kama vile Mzee amerudi chumbani, maana ule mpini ulikuwa umelika kwa kiganja chake, na sasa kilikuwa kiganja cha Njeri. Akafumba macho. Akanyoosha.

Mara ya kwanza nyundo ikaja vizuri. Nikapumua. Ya pili, gumba likatafuta, bastola ikazunguka kidogo kiganjani. Kidogo tu. Ya tatu kifundo kikaanza kutetemeka. Ya nne mtutu ulikuwa umeshaacha ubao mweusi, unatazama ndoo ya vitambaa. Ya tano ulikuwa unatazama sakafu, karibu na kiatu chake, na Njeri amefumba macho anatabasamu, kwa sababu ndani ya kichwa chake mkono wake ulikuwa umenyooka.

"Imekaa, ama?" akauliza. Bado hajafungua.

Wadogo zangu, nilijua nikisema imekaa, ile chuma inaishi. Itapigwa kila Jumamosi, nitausikia mlio wake, nitaisafisha mwenyewe. Mpini ningeweza kuupunguza. Fremu siwezi. Umbali wa nyundo siwezi. Mkono wa Njeri siwezi. Nikajaribu kujiambia atazoea, atafanya mazoezi, kifundo kitapona. Hata Mzee, nikajiambia, angependa. Na hapo ndipo nilipojikasirikia, maana Mzee hakuniambia nitafute namna. Aliniambia nitazame.

"Imeshuka," nikasema.

Akafungua macho. Akaona mtutu ulipokuwa.

"Ngoja nirudie. Nimetoka night, mkono umechoka."

"Na Jumamosi ukitoka night?"

"Zuhura, nimeinua wazee wazito kushinda hii."

"Na mmoja akakuvunja mkono."

Akaniangalia kwa hasira nisiyowahi kuiona kwake. "Hutaki niwe nayo," akasema. "Unaona mimi ni mgeni tu. Nilimuosha huyo mzee, nilimlisha, wewe ulikuwa unakuja na machungwa unakaa dakika kumi unatoka."

Siku nyingine ningemjibu vitu ambavyo tusingesahau. Nilikaa kwenye kile kiti changu cha pili. Nikamwambia maneno ya hospitali yote, mpaka lile la kukata. Bosi tu ndiye niliyekuwa nimemwambia. Njeri aliiweka ile bastola kwenye kitambaa, polepole, kwa kushoto.

"Kwa hivyo nikisema haifai, unaikata."

"Umeshasema. Mkono umesema."

"Si ungedanganya tu, aki."

"Ningedanganya nani? Uliyefumba ni wewe."

Akakaa sakafuni na sare yake. Akapiga simu kazini akawaambia atachelewa, ana msiba. Nikavaa miwani na glavu, nikaibana ile chuma kwenye jiliwa, bosi akaja kusimama shahidi kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Vidole vyangu havikuwa vikisikia baridi ya chuma, na siku hiyo nilishukuru. Nilianza na mtutu. Halafu fremu, pale ilipofunga juu, mahali imara kuliko pote. Mashine ya kusagia ililia, cheche zikaenda mpaka ukutani. Mzee alikuwa ameiunga vizuri. Fremu ile ilinimalizia jiwe la kusagia zima na nusu ya la pili. Njeri alibaki pale pale muda wote, mikono masikioni, hakutoka nje hata tulipomwambia moshi unaumiza.

Hiyo ndiyo kazi ya mwisho niliyoifanya kwenye ile meza. Nawaandikia hivi ili mtu asije akaniambia revolva ya kwanza ni suala la kupenda. Njeri alipenda. Mimi nilipenda zaidi yake. Mtakuja na ya babu, ya rafiki, ya yule mnayemtamani uwanjani, na mtataka niwaambie imekaa. Njooni tu. Lakini mje mkijua sitawapendelea, na mkikasirika, mimi nimezaliwa nayo hasira, tutakaa nayo wote.

Nilipozima mashine masikio yalikuwa yanavuma. Nikafagia vumbi la chuma, nikalitia kwenye kopo pamoja na vile vipande, bosi akaondoka na kopo. Njeri akanyanyuka, akajipangusa goti, akanawa uso kwenye sinki letu chafu. Nikafungua kabati la kioo, nikaitoa ile ndogo, nikamwonyesha matundu sita matupu. Alikuwa hataki. Niliona kabisa alikuwa hataki, na bado akanyoosha kiganja.

"Umeona ni tupu?"

"Nimeona."

Akafumba macho.

Nami nikasimama ubavuni kwake, mahali alipokuwa akisimama Mzee, nikautazama ule mkono.